Kabla Hujaifungua Pampu

  

Leo mazungumzo yetu ni juu ya pampu ya dizeli. Siyo ile ya kituo cha mafuta, la. Ni ile iliyofungwa ubavuni mwa injini ya lori, yenye mabomba membamba ya chuma yanayotoka juu yake na kwenda kwenye nozeli, bomba moja kwa kila silinda. Ni kifaa ghali, ni kifaa cha kuheshimiwa, na kwa maoni yangu ni kifaa kinachosingiziwa kuliko vyote ndani ya lori. Neno langu la leo ni moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: pampu ifunguliwe mwisho.

Nianze na kisa. Fuso moja lilipakia saruji Dar es Salaam, safari ya Iringa. Likavuka Mikumi salama, likapita Ruaha Mbuyuni salama, likaanza kuupanda mlima Kitonga. Kona ya kwanza likaenda, kona ya pili likaanza kuishiwa pumzi kama mzee aliyebeba gunia. Likazima. Utingo akaruka na mawe, akazuia magurudumu. Suka, yaani dereva, akasubiri kama dakika kumi, akapiga stata, na lori likawaka bila taabu! Akapanda kona mbili tatu, likazima tena. Akasubiri, likawaka. Likazima.

Tajiri akapigiwa simu. Fundi akaletwa kwa pikipiki. Akalaza kabini mbele, akaitazama injini, akaamuru stata ipigwe mara moja, akajifuta mikono na kutoa hukumu: "Pampu imekwisha hiyo." Tajiri akatuma fedha, na fedha yenyewe wenye magari mnaijua, ni ya kumtoa mtu jasho. Pampu nyingine ikaletwa, ikafungwa pale pale kando ya barabara. Lori likawaka, watu wakapiga makofi. Likapanda kona tatu. Likazima.

Sasa nakuuliza wewe unayenisikiliza: ni kitu gani kilikuwa kinaliua lile lori? Kaa na swali hilo. Tutarudi Kitonga baadaye.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya pampu. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa ya moto mkali, halafu dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Ili dizeli iingie mahali palipobanwa namna hiyo, lazima isukumwe kwa nguvu kubwa zaidi. Tairi la lori hujazwa upepo wa PSI 120 hivi. Nozeli ya injini ya zamani haifunguki mpaka dizeli imefika karibu PSI 3,000. Na jambo hilo si la mara moja. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupelekewa dizeli mara 1,000 katika dakika hiyo hiyo, na kila mara ni tone dogo, kwa kipimo, na kwa wakati wake. Likiwahi kidogo injini inagonga. Likichelewa, moshi mweupe.

Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye jina lake ndilo tunaloliita kila siku pale kituoni, injini yake ilifanya kazi vizuri kwa mara ya kwanza mwaka 1897 katika mji wa Augsburg. Lakini pampu ya namna hii hakuwa nayo. Alilazimika kuipuliza dizeli ndani ya silinda kwa hewa iliyobanwa na mtambo mwingine mzima, na mtambo huo ulikuwa mzito mno kupakizwa kwenye gari. Malori ya dizeli yalianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1924, na mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutengeneza pampu kwa wingi, zile za elementi zilizojipanga kwenye mstari. Ukiifungua pampu ya lori kuukuu leo, umbo utakaloliona ni mjukuu wa pampu ile.

Elementi ni nini? Ni kichuma chembamba kinachopanda na kushuka ndani ya kikombe chake. Kati ya kichuma na kikombe hakuna ringi, hakuna mpira. Nafasi iliyopo ni sehemu mbili mpaka nne za elfu moja ya milimita. Unywele wako ni mnene zaidi ya mara kumi. Dizeli haipiti hapo kwa sababu nafasi yenyewe ni kama haipo. Ndiyo maana punje ya mchanga usiyoiona kwa macho inatosha kuikwaruza elementi. Na ndiyo maana fundi anayeifungua pampu kando ya barabara, malori mengine yanapita na kutimua vumbi, ameiua pampu hata kama aliikuta nzima. Ndiyo hivyo, msikilizaji: kuifungua tu ni hatari. Pampu ifunguliwe mwisho.

Basi kama pampu ni ya mwisho, ya kwanza ni nini? Ya kwanza ni tanki. Twende na dizeli kama inavyokwenda yenyewe, kutoka kwenye tanki kuja kwenye injini.

Umewahi kumimina mafuta ya kula kutoka kwenye dumu lenye tundu moja tu? Yanatoka kwa kukwama: glu, glu, glu. Ukitoboa tundu la pili, yanateremka kama maji ya mvua. Tanki la lori nalo lina tundu lake la kupumulia, mara nyingi kwenye kifuniko. Tope likiziba tundu hilo, gari litakwenda vizuri kwa muda, halafu linazima. Ukiacha lipumzike, linawaka. Dawa yake: gari likizima, shuka, fungua kifuniko cha tanki, na tega sikio. Ukisikia hewa inaingia kwa kasi, fyuuu, umemkamata mwizi. Hujatumia hata spana.

Kutoka kwenye tanki dizeli huvutwa. Narudia neno hilo: huvutwa. Kuna pampu ndogo, mafundi huiita fidi pampu, inayofyonza dizeli kutoka kwenye tanki na kuisukuma kwenye filta. Hapa ndipo panapowachanganya wengi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukua mrija wa soda wenye ufa, unywe soda. Je, soda itamwagika kwenye ufa? Haimwagiki. Lakini mdomoni unapata soda na hewa. Bomba la kutoka kwenye tanki ni vivyo hivyo: likichanika, au washa yake ya shaba ikichoka, halidondoshi dizeli hata tone. Linavuta hewa. Dereva analala chini ya gari, anatazama, pakavu kabisa, anaamka na kusema, "Mabomba yako sawa." Hayako sawa! Kwenye upande wa kuvuta, ukavu si ushahidi wa uzima.

Na hewa hiyo, ambayo mafundi wetu huiita upepo, ni sumu kwa pampu. Umemwona nesi kabla ya kudunga sindano, anavyoigonga na kutoa hewa? Sababu zake ni nyingine, lakini picha inafaa. Dizeli haibonyei, ukiisukuma upande huu, inasukuma upande wa pili. Upepo unabonyea. Elementi inasukuma, upepo unajikunja tu, nozeli haifunguki, na wewe unapiga stata mpaka betri inalala. Kwa hiyo legeza skrubu ya juu ya filta, piga ile pampu ya mkono, na tazama kinachotoka. Povu? Kuna upepo. Endelea kupiga mpaka itoke dizeli tupu, kisha kaza huku bado unapiga. Ukitoa upepo leo, kesho ukarudi, keshokutwa ukarudi, usiendelee kuutoa kila asubuhi kama kunawa uso. Tafuta unapoingilia.

Filta sitaisemea sana, mnaijua. Ila chini ya fidi pampu nyingi kuna kichujio kidogo cha waya ambacho wamiliki wengi hawajui kama kipo. Kifungueni. Na mtazame waya wa kuzimia gari. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama saa mbili juani na wanaume wanne, kumbe waya ule ulikuwa umenasa na kuiacha pampu kwenye hali ya kuzima. Tulicheka, lakini si siku ile.

Sasa nawapa kipimo ambacho, kama mtasahau yote ya leo, nakiomba mkikumbuke. Ni dumu. Chukua dumu safi, lijaze dizeli safi, litundike juu kuliko injini, likiwa limefungwa imara na liko mbali na bomba la moshi. Vua bomba linalotoka kwenye tanki, na mahali pake unganisha mpira unaotoka kwenye dumu. Toa upepo, washa gari. Likiwaka na kunguruma vizuri, likapanda mlima bila kuzima, pampu haina kosa. Haina kosa! Ugonjwa uko nyuma, kati ya tanki na fidi pampu.

Turudi Kitonga. Baada ya pampu ya pili kushindwa, alikuwepo mzee mmoja aliyesimamisha lori lake nyuma yao, dereva wa siku nyingi. Hakugusa pampu. Alimwambia utingo alete dumu. Lori likawaka na halikuzima. Mzee akasema, "Mwanangu, hebu fungua tanki." Wakafungua, wakaingiza waya wenye ncha iliyopindwa, wakavua kitambaa. Kitambaa cha kufutia mikono, wasikilizaji! Kilidumbukia siku fulani wakati wa kujaza mafuta kwa dumu. Injini ikivuta, kitambaa kinakuja taratibu mpaka kinaziba mdomo wa bomba. Gari linazima, mvuto unakwisha, kitambaa kinaachia na kuelea zake. Dakika kumi baadaye, njia nyeupe, lori linawaka. Pampu ya kwanza ilihukumiwa kwa kosa la kitambaa.

Lakini nisieleweke vibaya. Pampu nazo hufa. Dalili zake ni zipi?

Ya kwanza: gari linawaka vizuri asubuhi likiwa baridi, ila likipata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye elementi zilizolika. Wazee wana mbinu yao: hufunika pampu kwa kitambaa kilicholowa, wasubiri; likiwaka, shaka inakuwa ndogo. Kitambaa, nimesema. Usimwagie pampu ya moto ndoo ya maji baridi, vyuma vinaweza kunasa.

Ya pili: oili ya injini inaongezeka badala ya kupungua, na ukikinusa kijiti cha kupimia kinanuka dizeli. Pampu nyingi za mstari hulainishwa na oili ya injini, kwa hiyo dizeli inayovuja ndani yake huishia kwenye oili. Hapo usiendelee na safari, maana oili iliyochanganyika na dizeli inakula beringi.

Ya tatu: silinda moja haifanyi kazi, injini inamisi. Kwa injini za zamani, legeza nati ya bomba moja la nozeli injini ikiwa inaunguruma. Sauti ikibadilika, silinda hiyo ilikuwa nzima. Isipobadilika, ndiyo mgonjwa. Halafu badilishana nozeli na ya silinda jirani. Ugonjwa ukihama na nozeli, ni nozeli. Ukibaki pale pale, ndipo uangalie elementi, na valvu za injini pia. Lakini tahadhari mbili, na hizi nazisema kwa sauti kubwa. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayofyatuka. Inapenya ngozi, kidonda kinaonekana kidogo kama cha sindano, na mtu anaweza kupoteza mkono. Ikitokea, ni hospitali mara moja, usisubiri uvimbe. Ya pili, kwa malori mapya ya komoni reli, mfumo ambao Wajapani waliuweka kwenye malori ya Hino mwaka 1995, usilegeze bomba kabisa injini ikiwaka. Mle mgandamizo ni mara nyingi zaidi ya huu wa zamani. Hayo yanataka kompyuta na fundi wake.

Na moshi mweusi je? Moshi mweusi maana yake dizeli ni nyingi kuliko hewa. Kabla ya kusema pampu inamwaga, vua filta ya hewa uigonge. Kwa vumbi la barabara zetu, mara nyingi utakuta udongo wa kupandia mchicha.

Pampu inauliwa na nini? Maji, uchafu, na mafuta ya taa. Pampu za mviringo, kama ile ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, hazina oili ndani. Dizeli yenyewe ndiyo inayozilainisha. Mafuta ya taa ni makavu, yanazisaga. Uchakachuaji huu wa kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli tunaujua wote. Tanzania ilianza kutia vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Kenya ikafuata njia kama hiyo mwaka 2018. Wapo wanaolaumu dizeli ya siku hizi yenye salfa kidogo, iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 2015, kwamba ni kavu. Kuondoa salfa hupunguza ulaini, hilo ni kweli, lakini wenye viwanda huurudisha kwa dawa maalumu. Anayechanganya kichochoroni harudishi kitu. Na tajiri unayenisikiliza, kama posho ya dereva wako haitoshi chakula, usishangae tanki likipungua usiku na kujazwa asubuhi kwa kitu usichokijua.

Haya, tuseme umepima yote, dumu umelitundika, na pampu imepatikana na hatia. Tunaitoaje?

Osha kwanza. Injini ioshwe pale pampu ilipofungwa, pakauke kabla spana haijagusa nati. Kisha zungusha injini kwa mkono mpaka alama ya kuchoma ya silinda namba moja isimame mahali pake, na hakikisha ni wakati silinda hiyo imebana, maana alama hiyo hiyo hupita pia wakati wa kutoa moshi. Hapo ndipo wengi hupotea. Tazama alama ya pampu na ya mlango wa gia zake, piga picha kwa simu, chora mstari kwa patasi ndogo mahali pampu inapokazwa kwenye injini. Ukishatoa pampu, usiizungushe injini. Kila tundu lililobaki wazi lizibwe, hata kwa mfuko safi wa plastiki na uzi.

Pampu ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kupimia, atakayeona kila elementi inatoa kiasi gani. Ukinunua iliyotumika, linganisha namba za kwenye kibati, zote. Pampu mbili zinaweza kufanana kama mapacha, nati zikaingia, mabomba yakakaa, kumbe moja ni ya injini yenye tabo na nyingine haina. Wakati wa kufunga, kama pampu yako inahitaji oili yake, tia kabla ya kuwasha. Tanki lishushwe lioshwe, filta ziwe mpya. Kufunga pampu nzuri kwenye tanki chafu ni kumwogesha mtoto na kumrudisha topeni. Toa upepo, legeza nati za nozeli, piga stata kwa vipindi vifupi mpaka dizeli itokeze, kaza, washa. Na uwe na ubao bapa mkononi. Pampu iliyofungwa vibaya inaweza kuachia dizeli yote, injini ikapandisha resi yenyewe na isizimike. Hapo ziba njia ya hewa kwa ubao. Usitumie kiganja wala shati.

Kuna jambo moja linaniudhi, niruhusuni. Kwenye pampu kuna skrubu iliyofungwa kwa waya na sili ya risasi. Hiyo ndiyo inayoweka kikomo cha dizeli. Kuna mafundi wanaikata sili na kuizungusha "ili gari lipate nguvu". Suka anafurahi wiki mbili, anawapita wenzake mlimani huku nyuma yake ni giza tupu la moshi. Wiki ya tatu pistoni imeyeyuka, na fundi yule hapokei simu. Sili ile haikuwekwa kama pambo.

Muda unanikimbiza, naona mwenzangu hapa studio ananionyesha saa. Mtauliza, ile pampu ya kwanza ya Kitonga iliishia wapi? Tajiri aliiuza kwa bei ya chuma chakavu. Aliyeinunua aliipeleka kwenye mashine, akaambiwa haina kasoro, akaifunga kwenye Fuso lake. Mara ya mwisho nilipoliona lile Fuso lilikuwa Makambako linapakia mahindi, na pampu ilikuwa ile ile.